Nyota ya mnyama wa Kichina: Ihesabu, uielewe, kisha iache ilipo

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja anayehudhuria darsa yetu ya Jumamosi alinifuata nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni mwa msikiti. Alisubiri watu wapungue, kisha akanisogelea.

"Assalaam alaykum, Ustadh. Nina jambo linanisumbua."

"Waalaykumu salaam, mwanangu. Lisemee."

Akatoa simu yake na kunionesha picha ya duara lenye wanyama 12. "Mimi nimezaliwa 1996, ni Panya. Mchumba wangu amezaliwa 2002, ni Farasi. Humu wamesema Panya na Farasi ni mahasimu, ndoa yao haifiki mbali."

Posa ya kijana huyu naijua, kwani nilikuwa miongoni mwa wazee waliopeleka barua. Jibu lilirudi zuri, mahari yakatajwa, na kilichobaki kilikuwa ni upande wa mume kusema siku ya nikah. Sasa nikafahamu kwa nini wiki mbili zilipita bila ya siku hiyo kutajwa. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya nyumbani Kariakoo, na mwenye duka hupokea kila mwaka kalenda ya ukutani kutoka kwa Wachina anaonunua kwao mzigo. Ilianza kwa mzaha wa dukani, kila mtu akiulizwa mnyama wake. Usiku akaendelea peke yake na simu, na mzaha ukageuka hofu.

Nilijizuia kumfokea kwa sababu mbili. Kwanza, jambo hili nilikuwa nalijua juu juu tu, na kumkataza mtu kitu usichokijua ni kumwachia aendelee nacho kwa siri. Pili, nilijua kuwa majumbani mwetu yapo mambo ya namna hii hii, ila tumeyapa majina mengine. Basi nikamwambia tuonane darsani wiki ijayo, nami nikaenda kusoma. Haya ninayoyaandika, ndugu msomaji, ndiyo niliyoyafundisha siku ile, pamoja na jambo moja nililojifunza baadaye kutoka kwa yule binti.

Kwanza ni kalenda

Wanyama hawa 12 hawana uhusiano na nyota za angani kama zile buruji zetu za falaki, yaani Hamali, Thauri, Jauza na nyinginezo. Wenyewe ni majina ya miaka. Wachina wa kale walihesabu miaka kwa mizunguko, na kila mwaka katika mzunguko wa miaka 12 wakaupa mnyama wake. Juu ya hapo wakaweka vitu vya asili vitano: mbao, moto, udongo, chuma na maji. Kila kimoja hutawala miaka miwili inayofuatana, hivyo vyote vitano humalizika kwa miaka 10. Ukiunganisha mzunguko wa 12 na ule wa 10, mwaka wenye mnyama na asili ile ile hurudi baada ya miaka 60.

Faida ya mpango huu ilikuwa kubwa kwa watu wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtu akikwambia yeye ni Sungura, na wewe unamwona kuwa ni wa makamo, huwezi kukosea umri wake kwa mwaka mmoja au miwili. Mpaka leo kumuuliza mtu mnyama wake ni njia ya heshima ya kuulizia umri. Wazee wetu nao walifanya hivyo kwa namna yao: fulani amezaliwa mwaka wa njaa, fulani mwaka wa Uhuru. Hapo hapana ushirikina wala ramli, ni kumbukumbu tu.

Kalenda hiyo hufuata mwezi kama yetu, kila mwezi una siku 29 au 30. Ila wao, wanapoona miezi imeachana na majira ya mwaka, huongeza mwezi wa 13, mara 7 katika kila miaka 19. Ndiyo maana mwaka mpya wao haukimbii kama Ramadhani yetu. Daima huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, kwa kawaida katika mwandamo wa pili baada ya ile siku ya Desemba ambayo mchana wake ni mfupi kuliko wote kule kaskazini. Sisi Waislamu miezi yetu ni 12 tu, kama ilivyo katika Suratut Tawba aya ya 36. Na ile nasii iliyokemewa katika aya inayofuata, miongoni mwa tafsiri zake ni huku kuongeza mwezi walikokuwa wakikufanya Waarabu. Kwa hiyo kalenda mbili zinaweza kufuata mwezi mmoja na zisifanane.

Namna ya kuhesabu

Chukua mwaka wako wa kuzaliwa wa Miladia, ugawe kwa 12, kisha tazama kinachobaki. Mfano, 1984 ukiigawa kwa 12 unapata 165, na kinabaki 4. Ukikosa kitu cha kubaki, hiyo ni sifuri. Halafu soma hapa, pamoja na sifa ambazo Wachina wamezoea kumpa kila mmoja:

0 ni Nyani (1968, 1980, 1992, 2004): mwerevu, mcheshi, mwepesi wa kubuni, lakini mjanja mjanja.
1 ni Jogoo (1969, 1981, 1993, 2005): mchapakazi, msema kweli, apendaye kuonekana.
2 ni Mbwa (1970, 1982, 1994, 2006): mwaminifu, mpenda haki, mwenye wasiwasi.
3 ni Nguruwe (1971, 1983, 1995, 2007): mkarimu, mpole, apendaye raha, rahisi kudanganywa.
4 ni Panya (1972, 1984, 1996, 2008): mwenye akili ya haraka, mweka akiba, mjuzi wa kutumia nafasi.
5 ni Ng'ombe (1973, 1985, 1997, 2009): mvumilivu, mwenye nguvu, mkaidi.
6 ni Chui Milia (1974, 1986, 1998, 2010): jasiri, kiongozi, mwepesi wa hasira.
7 ni Sungura (1975, 1987, 1999, 2011): mtaratibu, mwenye adabu, mkwepa ugomvi.
8 ni Joka (1976, 1988, 2000, 2012): mwenye bahati, mwenye makuu, mtawala.
9 ni Nyoka (1977, 1989, 2001, 2013): mwenye hekima, msiri, mwenye kuona mbali.
10 ni Farasi (1978, 1990, 2002, 2014): mchangamfu, mpenda uhuru, asiyetulia.
11 ni Mbuzi (1979, 1991, 2003, 2015), ambaye wengine humwita Kondoo: mpole, mpenda vitu vizuri, mwenye kutegemea wengine.

Kwa kutaka ile asili, tazama tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ikiwa 0 au 1 ni chuma, 2 au 3 ni maji, 4 au 5 ni mbao, 6 au 7 ni moto, 8 au 9 ni udongo. Kwa hiyo aliyezaliwa katikati ya 1988 ni Joka wa Udongo.

Kuna na mambo ya kupatana na kutopatana. Wanapangwa watatu watatu kwa mapatano: Panya, Joka na Nyani; Ng'ombe, Nyoka na Jogoo; Chui Milia, Farasi na Mbwa; Sungura, Mbuzi na Nguruwe. Na waliopishana kwa miaka 6, yaani wanaotazamana katika duara, huhesabiwa mahasimu: Panya kwa Farasi, Ng'ombe kwa Mbuzi, Chui Milia kwa Nyani, Sungura kwa Jogoo, Joka kwa Mbwa, Nyoka kwa Nguruwe. Ajabu nyingine ni kuwa mwaka wa mnyama wako unaporudi, yaani ukitimiza miaka 12, 24, 36 na kuendelea, hawasemi ni mwaka wako wa bahati. Wanasema ni mwaka wa hatari, na wengi huvaa mkanda au nguo ya ndani nyekundu kujikinga.

Wanyama wamepangwaje hivi? Watoto wa Kichina huhadithiwa kuwa mfalme wa mbinguni aliitisha mashindano ya kuvuka mto. Panya akapanda mgongoni mwa Ng'ombe, na walipokaribia ng'ambo akaruka akawa wa kwanza. Paka naye hakuamshwa na rafiki yake Panya, akakosa nafasi, na uadui wao ukaanzia hapo. Hadithi nzuri, mfano wa zetu za sungura na fisi.

Lakini ushahidi uliochimbuliwa ardhini unatupa jambo la kufikiri. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, kilifukuliwa kaburi lenye vipande vya mianzi vilivyoandikwa katika karne ya 3 kabla ya Miladia, na humo mna orodha ya wanyama hawa ikiwa miongoni mwa orodha za kale kabisa zinazojulikana. Baadhi ya wanyama wake sio wa leo. Katika nafasi ambayo leo ni ya Farasi, aliyeandikwa ni kulungu. Sasa yule binti wa 2002 ana tabia za farasi au za kulungu?

Kijana hakuwa Panya

Darsani nilimwomba kijana aseme tarehe yake kamili ya kuzaliwa. Akasema ni tarehe 20 Januari 1996.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka wa mnyama hauanzi tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari au Februari lazima atazame mwaka mpya wa Kichina uliingia lini. Kwa mfano, mwaka 1970 uliingia tarehe 6 Februari, 1980 tarehe 16 Februari, 1985 tarehe 20 Februari, 1990 tarehe 27 Januari, 2000 tarehe 5 Februari, 2002 tarehe 12 Februari. Na mwaka 1996 uliingia tarehe 19 Februari. Aliyezaliwa kabla ya hapo ni wa mwaka uliotangulia.

"Basi wewe si Panya," nikamwambia. "Wewe ni wa mwaka wa 1995. Gawa kwa 12, uone kinachobaki."

Akahesabu kwa vidole, akatazama ubao, akanyamaza. Wenzake wakaanza kucheka kabla yake. "Astaghfirullah, Ustadh! Nguruwe?"

Niliwaacha wacheke, kisha nikawaeleza kuwa ndugu zetu Waislamu wa China wamekutana na jambo hili kwa karne nyingi. Wao pia huzaliwa katika miaka hiyo, na wengi wao huona vibaya hata kulitaja jina la mnyama huyo. Mwaka 2007, ulipoingia mwaka wa Nguruwe, televisheni ya taifa ya China iliwataka watangazaji wa biashara kuepuka picha za nguruwe kwa kuwachunga Waislamu.

Kisha nikawauliza kama wanamfahamu Zheng He. Huyu ni Mwislamu wa Yunnan, kusini magharibi ya China, aliyekuwa amiri wa majahazi makubwa ya mfalme wa Ming. Kuanzia 1405 hadi 1433 aliongoza safari saba, na majahazi yake yalifika mpaka Mogadishu na Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga. Wanahistoria huandika kuwa Zheng He alizaliwa mwaka 1371. Gawa 1371 kwa 12: unapata 114 na kinabaki 3. Nguruwe. Mpole, apendaye raha, rahisi kudanganywa! Mtu aliyevuka bahari na maelfu ya mabaharia mara saba.

Wakati huo kijana alikwisha kuchangamka, maana Nguruwe si hasimu wa Farasi. Mkosi wote uliomnyima usingizi wiki mbili ulitokana na kosa la hesabu. Lakini nikamwambia asifurahi haraka. Japani walihamia kalenda ya Miladia mwaka 1873, na huko mwaka wa mnyama huanza tarehe 1 Januari. Kwa hiyo yeye ni Nguruwe akiwa Beijing, na ni Panya akiwa Tokyo. Wapo pia wapiga ramli wa Kichina wanaosema mwaka wa mnyama huanza tarehe 4 Februari hivi, bila kujali sikukuu. Huko Vietnam mwaka wa Sungura ni mwaka wa Paka. Mtoto ni yule yule, saa ile ile, ila tabia na bahati zinabadilika kwa kuvuka mpaka. Je, hicho kinaweza kuwa ni ujuzi wa ghaibu?

Mzaha unapogeuka dhulma

Mtu anaweza kusema: haya ni mapambo ya kalenda, yana madhara gani? Nami nitamjibu kwa habari za Japani.

Kule ipo itikadi kuwa mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto ni mkali wa kupindukia na humletea mumewe balaa. Mwaka huo hurudi kila baada ya miaka 60: 1846, 1906, 1966, 2026. Itikadi hiyo hufungamanishwa na kisa cha msichana wa mji wa Edo, Oshichi, binti wa muuza mboga, aliyeuawa mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto. Ikasemwa kuwa alizaliwa mwaka 1666, naye alikuwa Farasi wa Moto.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 1965 watoto waliozaliwa Japani walikuwa kama milioni 1.82. Mwaka 1966 wakashuka hadi kama milioni 1.36, pungufu ya robo nzima. Mwaka 1967 wakapanda tena na kupita milioni 1.9. Hapakuwa na vita, njaa wala tauni. Ilikuwa nchi yenye viwanda, vyuo vikuu na treni za mwendo wa kasi. Watu walizuia mimba, wengine wakazitoa, na wapo walioandikisha tarehe za uongo, kwa kuogopa kuzaa binti ambaye miaka 20 baadaye hatapata wa kumposa. Hofu hiyo haikuwahusu watoto wa kiume kwa kiasi hicho. Msichana ndiye aliyebebeshwa kosa la kisa cha miaka 283 nyuma.

Nchini China nako wapo wanaouogopa mwaka wa Mbuzi, hasa kwa mtoto wa kike. Na mwaka wa Joka kinyume chake: katika Taiwan, Hong Kong na Singapore uzazi uliongezeka mwaka 1976 na mwaka 1988, kwa sababu kila mzazi alitaka Joka. Matokeo yake ni kuwa watoto wengi huingia shule pamoja na kugombea nafasi zile zile. Mwaka 2017 wachumi wawili, Naci Mocan na Han Yu, walitoa utafiti kuhusu watoto wa Joka nchini China. Waligundua kuwa watoto hao hufanya vizuri zaidi shuleni, lakini sababu haikuwa mnyama. Wazazi wao waliwatarajia makubwa na kuwatumilia fedha na muda zaidi. Na aliyezaliwa Mbuzi, je, naye angetarajiwa makubwa kama yale?

Mwaka 1993 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa David Phillips na wenzake, uliotazama vifo vya Wachina 28,169 wa Marekani. Walieleza kuwa wale waliougua ugonjwa ambao unajimu wao unauhesabu kuwa mbaya kwa mwaka wao wa kuzaliwa walikufa mapema, kwa mwaka 1.3 hadi 4.9, na kwamba athari hiyo haikuonekana kwa wazungu waliolinganishwa nao. Uadilifu unanitaka niseme pia kuwa mwaka 2006 mtafiti mwingine, Gary Smith, alitazama takwimu zaidi asiyaone hayo. Mimi sitaki kumtisha mtu kwa utafiti mmoja. Lakini hata bila utafiti, sisi sote tumewahi kumwona mgonjwa aliyekata tamaa kwa kuambiwa neno na mtazamiaji.

Tusiwacheke Wajapani

Baada ya kusema hayo nikaona vijana wanatikisa vichwa kwa kuwashangaa Wajapani. Nikawauliza: nani anajua maana ya neno kigego?

Wawili tu ndio waliojua. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Neno hilo limo katika Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe lilikuwamo. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa ana mkosi, na zipo jamii katika nchi zetu hizi zilizomtupa au kumuua. Kosa lake ni jino. Kosa la binti wa Japani ni mwaka. Tofauti iko wapi?

Na falaki yetu je? Wapo mpaka leo wanaochukua jina la mtu na jina la mama yake, wakaligeuza tarakimu kwa hesabu ya abjadi, wakajumlisha, kisha wakagawa kwa 12 ili kupata nyota. Naam, ni kwa 12, kama tulivyofanya hapo juu. Kisha wazazi huambiwa nyota za watoto hazipatani, na posa huvunjwa. Binti hubaki nyumbani akiwa na sifa ya kisirani ambayo hawezi kuitetea, kwa sababu hakuna alichokosa. Anayefanya hivyo anaweza kuwa amevaa kanzu na ameshika tasbihi, na kitabu chake kikawa na herufi za Kiarabu. Hilo halikifanyi kitabu hicho kuwa elimu ya dini.

Dini imesema nini

Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 Hijria, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau angekuwa ni mtu anayetafuta utukufu, lile lingekuwa neno tamu kwake, tena katika siku ya msiba. Lakini alisimama akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikuhusiana na kufa kwa mtoto wa Mtume, vipi mwaka uhusiane na ndoa ya muuza duka wa Kariakoo?

Waarabu wa jahiliya walikuwa wakiuogopa mwezi wa Safar, ambao sisi tunauita mfungo tano. Wakiogopa pia kuoa katika Shawwal, mfungo mosi. Mtume (s.a.w.) alikanusha mkosi wa Safar, na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akieleza kuwa yeye aliolewa na Mtume katika Shawwal, na ni nani katika wakeze aliyekuwa na bahati zaidi kwake? Huo ndio ufundishaji: hofu ikavunjwa kwa maneno na kwa vitendo.

Kuhusu ghaibu, Suratul An'am aya ya 59 na mwisho wa Suratu Luqman zinatosha: funguo zake ziko kwa Allah, na hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, anayemwendea mtazamiaji na kumuuliza jambo hatakubaliwa swala yake siku 40. Hapa mtu atauliza: simu nayo ni mtazamiaji? Nionavyo mimi, kilichokatazwa ni kutafuta ghaibu kwa asiyeijua, na hilo halibadiliki kwa kuwa anayesema amejificha nyuma ya kioo cha simu. Kusoma kuhusu kalenda ya watu na mila zao ni elimu kama elimu nyingine. Kuiuliza kalenda hiyo kama uoe au usioe ni jambo jingine kabisa. Mstari uko hapo.

Wala dini haikutuacha bila ya njia. Anayetaka kuoa ameelekezwa atazame dini na tabia, aulize kwa wanaomjua, amwone mwenziwe kwa taratibu za sharia, ashauriane na wazee, kisha aswali istikhara na kumtegemea Mola wake. Kila hatua katika hizo inamtaka amjue binadamu aliye mbele yake. Duara la wanyama linamwambia hana haja ya kumjua, linamtosha tarakimu nne za mwaka wake.

Swali la binti

Kijana aliondoka darsani siku ile amefarijika. Jioni akaenda kwa wakwe na mjomba wake, akataka radhi kwa kuchelewa, na kwa ukweli wake akaeleza sababu. Mzee wa yule binti alikasirika, na alikuwa na haki. Binti, aliyekuwa akisikiliza chumba cha pili pamoja na mama yake, alituma swali moja kupitia kwa mama: "Muulizeni, hesabu imeonesha hakuwa Panya. Na lau kama kweli angekuwa Panya, angefanyaje?"

Kijana hakuwa na jibu. Akarudi kwangu.

Nakiri kuwa swali lile lilinifedhehesha mimi kabla yake. Darsani nilikuwa nimefurahia sana kumwonesha kosa la hesabu, watu wakacheka, nami nikaona nimemtibu. Kumbe nilikuwa nimemtoa katika hofu kwa mlango ule ule aliouingilia, yaani kwa hesabu njema baada ya hesabu mbaya. Aliendelea kuiamini duara, ila sasa ilikuwa upande wake. Lau angezaliwa mwezi mmoja baadaye, ningebaki na kitu gani cha kumwambia?

Nilimwambia alichostahili kuambiwa siku ya kwanza pale mlangoni mwa msikiti: "Mwanangu, jibu ni kuwa ungemuoa. Ukiwa Panya, ukiwa Nguruwe, ungemuoa, kwa sababu umeulizia dini yake ukaridhika, na tabia yake ukaridhika, na wazee wako wameridhika. Kama huwezi kusema hivyo, usiende tena kule, maana utamrudishia hofu hii kila mtoto atakapougua na kila biashara itakapoyumba."

Alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba ruhusa akaenda. Alilipeleka jibu hilo mwenyewe, mbele ya wazee. Nikah ilifungwa wiki nne baadaye. Siku yenyewe ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa ni Jumapili, watu hawaendi kazini, na ukumbi ulikuwa wazi.

Wallahu a'alam.